Vinyama vya Kumrudisha Marivic

Cabanatuan, 3 Julai 2021

Dada Marivic,

Barua yako imefika. Kumbe simu walikunyang'anya. Sisi huku tangu Januari tunaona tu mshahara wako umeingia, na ujumbe wa huyo mama mwenye nyumba kwamba hujambo, basi. Mama alishaanza kusema umeolewa na Mwarabu umetusahau.

Umesema hata simu ya mzee Osias dereva inakaguliwa kila Ijumaa, kwa hiyo nitume karatasi kwenye sanduku lake la posta. Sawa. Ila mimi na kalamu unatujua. Darasa la nne niliishia mlangoni. Ukiona sehemu haieleweki isome kwa sauti, utanisikia.

Mama yuko vilevile. Jumanne na Ijumaa nampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, anarudi amechoka, analala, akiamka anatukana majirani, basi najua yuko salama.

Sasa dada, kaa chini nikuambie. Kazi ya kubeba magunia sokoni iliisha korona ilipokuja. Nimekaa nyumbani miezi. Huku mtaani watu wote wanacheza mchezo fulani kwenye simu. Kuna vinyama, vya rangi rangi, vina macho makubwa, kimoja kama kiazi kilichoota mapezi. Unavipiganisha na vinyama vya watu wengine, ukishinda unapewa mbegu. Siyo mbegu ya kupanda, ni sarafu ya huko huko ndani ya mchezo, lakini unaibadilisha inakuwa peso, peso ya kweli, unanunulia mchele. Usicheke. Nimeona kwa macho yangu. Mwenye duka la simu kajenga ghorofa.

Vinyama hivyo vinauzwa. Lazima uwe navyo vitatu ndiyo uanze. Asiyekuwa navyo anaazimwa na mwenye navyo, wanagawana. Anayeazimwa huku anaitwa mwanafunzi, mwenye vinyama anaitwa meneja. Basi mimi Mei na Juni nilikuwa mwanafunzi. Umri huu! Mama kawaambia kanisani kwamba Arjay amerudi shule.

Sasa jambo lenyewe. Zile pesa zako za cherehani, ulizosema niweke ili ukirudi ufungue sehemu ya kushona. Nimezitoa. Nimenunua vinyama vitatu vyangu mwenyewe. Bei ilikuwa inapanda kila siku na barua yako ya ruhusa ingefika vimeshakuwa vya matajiri tu. Kimoja Mama kakiita Mpangaji, anasema kinakula chaji na hakilipi umeme.

Nisamehe. Au nitukane, lakini kwa barua.

Mdogo wako,
Arjay


Dammam, 29 Julai 2021

Arjay, mpumbavu wewe,

Nimesoma barua yako kwenye chumba cha kufulia, mashine ikizunguka ili wasinisikie. Nilitaka kulia kwa hasira nikajikuta nacheka. Cherehani yangu imegeuka kiazi chenye mapezi! Mtu anaenda kuosha vyombo vya watu jangwani mwaka na nusu ili mdogo wake anunue samaki wa kwenye kioo.

Niulize kitu, wewe uliyerudi shule. Hizo mbegu, nani anayezinunua? Anayetoa peso ni nani, na anataka nini? Maana mchele najua nani anaula.

Mimi niko salama. Mkono wa kushoto umeungua kidogo na pasi, uzembe wangu. Chakula kipo. Mzee Osias ananiletea mkate na barua yako ndani yake, mtu mzuri sana, wa Iloilo, lafudhi yake ungecheka.

Sasa sikiliza, hili ni la maana. Mkataba wangu unaisha tarehe 28 Februari. Mama mwenye nyumba ameanza kuniambia nitie saini tena, miaka mingine miwili. Anataka jibu kabla ya katikati ya Januari ili kama nakataa atafute mwingine. Nikikataa, ananipa pasipoti na tiketi, ndivyo mkataba unavyosema. Nikitia saini, ni miaka miwili mingine humu ndani.

Sitaki, Arjay. Sijawahi kukuambia sitaki kitu, sasa nakuambia.

Lakini mashine ya Mama inalipwa na mshahara wangu. Nikirudi mikono mitupu tutamwua. Kwa hiyo nijibu hili tu: vinyama vyako vinaweza kumlipia Mama bila mimi? Kama vinaweza, sitii saini. Kama haviwezi, natia. Nisomee ukweli, usinisomee ndoto.

Dada yako,
Marivic


Cabanatuan, 25 Agosti 2021

Dada Marivic,

Vinaweza.

Wiki iliyopita, Jumanne na Ijumaa zote mbili, mashine ya Mama imelipwa na vinyama. Mshahara wako sijaugusa, uko benki. Nilipompa karani wa hospitali hela akaniuliza nafanya kazi wapi, nikasema napiganisha viazi. Akasema na shemeji yake pia.

Halafu vimezaa. Unachukua viwili unavikutanisha, unalipa mbegu, unapata yai, linaanguliwa siku ya tano. Sasa ninavyo tisa. Mimi nacheza na vitatu. Sita nimewaazima majirani. Vitatu anavyo Gorio kinyozi, vitatu anavyo mama Posing, yule mjane wa mwisho wa kichochoro aliyekuwa akiuza mboga kabla hawajafunga soko. Huyu sikupanga kumpa. Alikuja na sahani ya biko, ule wali wa kunata wa sukari, wa moto, na jani la mgomba juu, akasema, "Nasikia una watoto wengi hapa, huhitaji wa kukulelea?" Ningesema nini? Nilikuwa nimeshameza.

Kwa hiyo na mimi ni meneja. Meneja Arjay. Wakiniita hivyo barabarani naangalia nyuma kuona wanamwita nani.

Umeuliza anayenunua ni nani. Nilimwuliza mwenye duka la simu. Akasema kuna maelezo yote, nisome, akanionyesha kwenye simu, kurasa nyingi. Nikasema asante nimeelewa. Sikuelewa. Niliona aibu kumwambia nasoma polepole. Ila nadhani ni hivi: wananunua wanaotaka kuingia, na wanaotaka kuingia ni wengi, nawaona kila siku dukani wamepanga foleni.

Leo vyote tisa ukiuza unapata mashine ya Mama ya miaka miwili na cherehani juu. Nimehesabu mara tatu.

Usitie saini dada.

Arjay


Dammam, 20 Septemba 2021

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka imelainika kama kitambaa. Jana nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba nafikiria kurudi kwetu. Hakugomba. Tangu jana mlango wa chumba changu unafungwa kwa nje usiku, eti wezi wamezidi mtaani. Si kitu. Miezi mitano nitahesabu kama rozari.

Sasa Meneja Arjay, fanya ninalokuambia. Uza. Uza vyote, sasa hivi, bei ikiwa juu. Weka pesa benki pamoja na mshahara wangu. Umesema mwenyewe wananunua wanaotaka kuingia. Sasa siku foleni ikiisha dukani? Wa mwisho mstarini atamwuzia nani? Mimi sikusoma sana lakini foleni nazijua.

Mpunga ukiiva unavunwa. Huusimamii shambani ukiusifia.

Uza, halafu niandikie umeuza. Nitangoja.

Marivic


Cabanatuan, 18 Oktoba 2021

Dada,

Barua yako ilifika tarehe kumi. Siku ile ile nilitaka kufanya ulivyosema.

Nikuambie ukweli, kuuza hakuhitaji niende kwa mtu. Simu yangu ndiyo yenye vinyama vyote, wao wanaazima tu. Naweza kubonyeza, vikaondoka, mama Posing akaamka akakuta uwanja mtupu. Gorio aliwahi kufanyiwa hivyo na meneja wake wa kwanza. Alikaa siku tatu hakufungua banda lake la kunyolea, na baada ya hapo mtaa mzima haumwamkii yule meneja, hata kwenye msiba. Mimi siwezi. Nikasema basi niende nikamwambie kwanza, mdomo kwa mdomo, halafu ndiyo nibonyeze.

Nikafika mlangoni kwa mama Posing. Nikasimama.

"Meneja wangu!" akasema. "Ingia! Mbona umesimama kama mkusanya bili ya umeme?"

"Hapana, mama Posing. Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi? Nyumba yangu ndiyo ya mwisho. Baada yangu ni mfereji."

Nikaingia. Alikuwa na simu mkononi anacheza, miwani imefungwa na uzi. Akanionyesha ukutani, ameandika kwa mkaa kila siku aliyoshinda. Akasema ule mfuko wa mchele pale pembeni ndio wa kwanza kuununua mzima tangu mumewe afe, mwaka wote alikuwa akinunua kwa kopo. Akasema, "Arjay, nilikuombea kanisani. Nimewaambia na watakatifu jina lako, maana hawakujui, huongei."

Nikasema, "Mama Posing, kuna jambo."

"Ulishakula?"

"Bado, lakini kuna jambo."

"Jambo haliendi popote. Kula."

Akaniwekea pancit. Nikala. Nilipomaliza akanijazia sahani nyingine akaifunika, akasema mpelekee mama yako. Nikasema asante nikatoka. Dada, nilikwenda kuvichukua vinyama nikarudi na sahani ya tambi.

Kwa Gorio sikufika kabisa.

Bei imeshuka kidogo wiki hii. Kidogo tu. Wanasema ni kupumua, itapanda tena. Wiki ijayo nitakwenda tena, nitasema kabla ya kukaa. Vitatu vyangu navyo nikiuza leo, Jumanne nitalipa na nini? Nangoja ipande kidogo niuze vyote pamoja.

Usikasirike.

Arjay


Dammam, 12 Novemba 2021

Arjay,

Sijakasirika. Sina nafasi ya kukasirika, naandika nimekaa juu ya ndoo.

Pambano lako na tambi limenichekesha, nikaumwa mbavu, siwezi kucheka vizuri siku hizi. Lakini sasa utani umekwisha. Nimeanza kukunja nguo zangu moja moja kila nikifua za watu, naziweka chini ya godoro. Mwenzio nimeshatoka humu kichwani. Umebaki mwili.

Katikati ya Januari atanikalisha chini na karatasi na mume wake atakuwepo. Nahitaji kujua kabla. Usinisimulie mlango wala sahani. Niandikie neno moja. Umeuza?

Marivic


Cabanatuan, 9 Desemba 2021

Dada,

Ndiyo.

Mama anakusalimia.

Arjay


Cabanatuan, 16 Desemba 2021

Dada Marivic,

Hii ni ya pili. Ile ya kwanza niliitupa posta nikarudi nyumbani, nimekaa siku saba nikiiwaza. Natuma hii iikimbize. Kama zote zitafika, soma hii, ile itupe.

Sijauza. Hata kimoja.

Niliandika ndiyo kwa sababu ya nguo chini ya godoro.

Mbegu moja mwezi wa saba ilikuwa peso kumi na saba. Leo haifiki peso moja. Vinyama vyenyewe, nimeviweka sokoni Mpangaji na wenzake kwa bei ya kuku, siku kumi, hakuna aliyegusa. Foleni dukani imeisha kama ulivyosema. Ilikuwa wiki moja tu, dada, Jumatatu watu wako, Jumatatu nyingine mwenye duka anafagia. Ghorofa yake imesimama na vyuma juu.

Mshahara wako niliosema uko benki, nao haupo. Mbegu zilipoanza kushuka, mashine ya Mama ilikuwa inadai kiasi kile kile. Nilikula humo polepole tangu Oktoba, maana tangu mwezi huo hakuna mshahara mpya ulioingia.

Na kuna la Mama. Alinishika nikihesabu nauli. Ijumaa iliyofuata akasema amechoka, hataki kwenda, atakwenda Jumanne. Ijumaa nyingine hivyo hivyo. Sasa anakwenda mara moja kwa wiki, miguu imevimba. Nikimwambia twende ananiambia, "Wewe ulirudi shule ukafeli, usinifundishe." Anacheka. Mimi siwezi kucheka.

Mama Posing alijua kabla yangu. Amekuja jana na simu. Akasema, "Meneja, watoto wako hawaleti hata chumvi sasa, wachukue." Nikamwambia nilitaka kuwachukua Oktoba. Akasema, "Mbona hukusema, mwanangu? Ningekupa." Alisema hivyo, dada. Ningekupa.

Sikuambii utie saini. Sikuambii usitie. Nakuambia tu kilichopo, maana uliniomba nikusomee ukweli na mimi nikakusomea ndoto.

Arjay


Dammam, 14 Januari 2022

Arjay wangu! Ndiyo!

Barua fupi kuliko zote na ndiyo niliyoisoma zaidi. Nilijua utaweza, kumbe mdomo unao.

Jana walinikalisha. Karatasi mezani, kalamu juu yake, mume wake kwenye kiti. Nikasema hapana. Na nikasema kwa Kiarabu. Mama mwenye nyumba akaniuliza kwetu nitakula nini. Nikamwambia mdogo wangu ni meneja. Mume akacheka, akasema basi mpe tiketi yake.

Bado anasema kama nitabadili mawazo karatasi iko kwenye droo mpaka siku ya mwisho. Haibadiliki. Tarehe 2 Machi, asubuhi, Manila. Njoo unipokee. Uvae shati.

Mwambie Mama nitamnyoa nywele mwenyewe.

Marivic


(ndani ya bahasha ile ile, karatasi nyingine)

Dammam, 14 Januari 2022

Kijana Arjay,

Hatujuani. Mimi ni Osias, dereva. Dada yako hajui kama nimetia karatasi hii.

Barua zako mbili zilichelewa kwa ajili ya Krismasi, zikafika siku moja. Bahasha ya pili ilikuwa imelowa na kufunguka, na nikaisoma. Naomba radhi kwa hilo. Nilikaa nazo garini nje ya shule nikingoja watoto watoke. Halafu nilimpa moja. Ile fupi.

Wewe huko unajua hali ya mama yako. Hali ya huku hujaijua, kwa sababu amekuficha, na mimi nilikubali kumsaidia kuficha. Alikuambia mkono uliungua na pasi, uzembe wake. Pasi haijishiki yenyewe. Mbavu anazosema haziwezi kucheka, mbili zimevunjika, mwezi wa kumi na moja, na hakupelekwa hospitali. Alipoandika barua ile juu ya ndoo, alikuwa hawezi kuinama kukaa chini. Mimi nimekaa nchi hii miaka kumi na tisa. Nimeona miaka miwili ya pili ya wasichana wa nyumba kama hii. Wanaorudi kwao si wale walioondoka.

Ningempa barua yako ya pili angetia saini jana. Unamjua.

Labda nimetenda dhambi kwa mama yako. Barua iko chini ya kiti changu. Karatasi yao bado iko kwenye droo mpaka tarehe 28 Februari. Hii ikifika mkononi mwako utakuwa na muda wa kuniandikia, na ukiniandikia nimpe, nitampa. Ni mama yako na dada yako, si wangu.

Osias


Uwanja wa ndege wa Manila, 2 Machi 2022

Dada Marivic,

Barua hii haina stempu. Nimeiandika hapa hapa, kwenye goti, watu wananipita na mizigo. Nitakupa mkononi ukitoka, maana nikifungua mdomo nitakuuliza kama umekula, halafu nitakaa kimya mpaka Cabanatuan, na utafika nyumbani hujui kitu.

Sikuuza vinyama. Ile "ndiyo" yangu ilikuwa uongo. Nilikuandikia ukweli wiki moja baadaye, mzee Osias akauzuia, akaniambia kwa nini. Alinipa nafasi. Barua yake ilifika tarehe tano Februari. Ningeandika siku ile, ungeisoma kabla ya tarehe 28. Kila siku nilikaa na karatasi. Mama akiwa amelala pale na miguu yake, na mimi na karatasi. Nilikuwa nawaza mbavu zako, naandika "Mzee Osias," halafu namwangalia Mama, naanza tena. Nimeharibu daftari zima. Tarehe ilipopita ndipo niliposimama.

Kwa hiyo usimlaumu yeye. Alizuia wiki tatu. Mimi nimezuia karibu mwezi mzima, na nilikuwa najua pande zote mbili.

Sasa ujue unaingia wapi. Pesa hakuna. Ya cherehani hakuna, ya mshahara hakuna. Nimerudi kubeba magunia, kinu cha mpunga kule barabara kuu, kinalipa mashine mara moja kwa wiki, Jumanne. Ijumaa hailipiki. Daktari amesema mara moja haitoshi, amesema mpaka labda katikati ya mwaka. Niliuliza mwaka gani, akaniangalia. Ni mwaka huu.

Mama anajua. Siku barua ya mzee Osias ilipofika alitaka kujua nasoma nini kwa sura ile, nikamsomea yote, mpaka ya mbavu. Halafu akasema, "Chukua hizo karatasi zako uwashie moto, mwache mtoto aje." Ndiyo maana nilikuwa nikiandika akilala.

Kwa hiyo ukifika atakutukana kwamba umekonda. Usimwambie umejua. Yeye anataka akuone siku chache ukiwa umefurahi. Nami namharibia, kwa sababu niliapa sitakuficha tena kitu. Sijui kama hili ni sawa. Amua mwenyewe utaingiaje mlangoni.

Kwenye ubao wameandika ndege yako imetua. Watu wa kwanza wanatoka na masanduku, wanalia, wanapiga picha. Nimevaa shati.

Soma mpaka mwisho kwanza ndipo unitazame. Kama hutaki kunisalimia, nitabeba begi lako na kutembea nyuma. Nimesimama kwenye nguzo yenye namba nne. Sitasogea.

Arjay